Spinachi, bomba la sindano na jua la saa nne: jinsi ya kumuonyesha mtoto mmea unavyojipikia

Mpwa wangu yuko darasa la sita, juzi kaja na daftari la sayansi ananiambia mjomba nipime. Nikamuuliza usanisinuru ni nini, akaporomosha bila kupumua, ni kitendo cha mimea ya kijani kujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Safi kabisa, vema. Nikamuuliza haya, ule mwembe hapo nje, unene wote ule na mbao zote zile zimetoka wapi? Akaniangalia kama namtega. "Si kwenye udongo, mjomba."

Na sio yeye peke yake. Nimewauliza na watu wazima wenzangu pale kijiweni, karibu wote wakasema udongo, mmoja akasema mbolea, mmoja akasema maji. Sasa jamani kama mwembe ungekuwa unakula udongo si chini yake kungekuwa na shimo la kuingia ng'ombe? Ndo nikaona definisheni inakaririwa lakini haijaingia, na dawa yake ni mtoto aione hiyo kitu kwa macho. Inawezekana nyumbani bila maabara, bila moto, na vitu vya kununua havizidi bei ya soda mbili tatu. Nimeharibu mara kadhaa kabla haijakubali, kwa hiyo naandika na makosa yangu humo humo ili wewe usiyarudie.

Kwanza kisa kimoja kifupi maana kinasaidia sana. Kulikuwa na mzee mmoja wa kule ambako leo ni Ubelgiji, Jan van Helmont, alichukua udongo mkavu ratili 200, yani kama kilo 90, akauweka kwenye chungu akapanda mche wa mti wenye ratili 5. Akawa anamwagilia maji tu, miaka 5. Akaung'oa akaupima, mti umefika ratili 169 na ushee, kilo kama 77 hivi. Akaukausha ule udongo akaupima tena, umepungua wakia mbili tu, gramu hamsini na kitu. Yani kilo sabini na kitu za mti, udongo umechangia kiasi cha vijiko vichache. Akahitimisha kwamba mti umetokana na maji, maandishi yake yakachapishwa 1648 akiwa ameshafariki. Alipatia nusu. Kitu ambacho hakukiwaza ni hewa, maana nani angefikiria kwamba hewa inaweza kuwa mbao? Lakini ndo hivyo, sehemu kubwa ya uzito wa mti mkavu ni kaboni na oksijeni iliyotoka hewani, na hewa yenyewe ina kabonidayoksaidi kidogo mno, kama asilimia 0.04 tu. Mwembe umeokota huko, kidogo kidogo, jani kwa jani.

Mbolea sasa? Mbolea ni kama chumvi na viungo jikoni. Bila nitrojeni, fosforasi na hivyo vingine mmea haujengi vizuri, jani linakuwa njano, lakini nguvu haitoki huko. Nguvu inatoka juani.

VITU VYA KUANDAA

Bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake, duka la dawa lolote unapata (la 10 pia linafanya kazi ila linabana). Majani ya spinachi mabichi, yale mapana, ukiyachuma asubuhi ile ile ndo bora zaidi. Mrija wa soda wa plastiki mgumu kidogo. Bekingi soda. Sabuni ya maji ya vyombo. Glasi mbili za kuonyesha ndani, ziwe zinafanana. Saa, au simu.

Hapo kwenye bekingi soda naomba tusimame kidogo. Ni BEKINGI SODA, ile bikabonati yenyewe peke yake, sio bekingi pauda ya maandazi. Mi mara ya kwanza nilitumia pauda maana ndo ilikuwepo kabatini, nikaona majani yanaelea baada ya dakika moja nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia, kumbe pauda ina asidi ndani, ikishalowa inatoa mapovu yenyewe na yale mapovu yanabeba majani juu kama maboya. Nilijuaje? Glasi niliyoweka kivulini nayo ilielea. Hapo ndo umuhimu wa glasi ya kulinganishia, usije ukairuka hiyo. Na magadi ya kuchemshia maharage nayo usitumie, yana ukali tofauti, jani linaweza kuungua.

KUTENGENEZA MAJI

Chukua maji ya kawaida mililita 300, chupa ndogo ya soda inakupa kipimo. Tia bekingi soda nusu ya robo ya kijiko cha chai. Ndio, ni kidogo hivyo, ukizidisha haiendi haraka zaidi, inaharibika tu. Koroga mpaka iyeyuke yote. Kazi ya hii soda ni kuupa mmea kaboni, kwa sababu jani likiwa ndani ya maji halipati hewa ya kutosha, kwa hiyo tunaliyeyushia ile kabonidayoksaidi kwenye maji kwa njia ya bikabonati.

Halafu tone moja la sabuni. Moja. Jani lina kama nta juu yake, maji yanateleza, sabuni inayasaidia kupenya. Kama kuna povu umezidisha, punguza kwa kuongeza maji ya soda.

Chota sehemu kidogo ya maji ya kawaida pembeni, tia sabuni tu bila soda. Hiyo ni ya glasi ya pili.

KUKATA SARAFU

Lilaze jani kwenye kitabu cha zamani au ndara, kandamiza mrija huku unauzungusha, utapata kiduara kidogo. Mpwa wangu aliviita sarafu basi jina likabaki. Kata kumi kwa kila glasi, ishirini jumla. Epuka mishipa minene ya jani maana inafanya sarafu moja nzito nyingine nyepesi. Zikikwama ndani ya mrija puliza taratibu.

Kuhusu majani mengine, watu mtauliza. Sukuma wiki ina nta nyingi, maji hayaingii kirahisi, nilihangaika nayo nikaacha. Majani ya maboga yana vinywele vinavyoshika mapovu, yanakudanganya. Spinachi ndo mtulivu.

KUZIZAMISHA (hapa ndo pana kazi)

Sarafu mbichi zinaelea zenyewe, kwa sababu ndani ya jani kuna nafasi za hewa kama kwenye sponji. Inabidi tuitoe ile hewa tuweke maji yetu mahali pake.

Chomoa kisukumio cha bomba, tumbukiza sarafu kumi, rudisha kisukumio taratibu bila kuzisaga. Vuta maji ya soda kama mililita 5 mpaka 8. Geuza mdomo wa bomba juu, sukuma hewa yote itoke. Sasa ziba mdomo kwa kidole, kaza, na kwa mkono mwingine vuta kisukumio nyuma kwa nguvu, shikilia hapo hapo uhesabu mpaka kumi huku unatikisa. Utaona vipovu vidogo vidogo vinatoka pembeni mwa kila sarafu, kama chai inayoanza kuchemka. Hiyo ndo hewa ya ndani ya jani. Kisha achia kidole ghafla, na kisukumio kiachie. Maji yanaingia kule hewa ilikotoka na sarafu zinaanza kuzama, na rangi inabadilika kidogo, zinakuwa za kijani iliyoiva kama kitu kilicholoana.

Rudia mara mbili, tatu. Usivute mara kumi kwa hasira kama nilivyofanya mimi, ukilitesa jani sana seli zinapasuka na halifanyi kazi tena, litakaa chini mpaka kesho. Kama kuna sarafu moja mbili zimegoma kuzama zitoe uweke nyingine.

Fanya hivyo hivyo kwa zile kumi nyingine ila kwa maji yasiyo na soda.

KWENYE JUA

Mimina kila kundi kwenye glasi yake, ongeza maji yake mpaka kina cha vidole viwili hivi, hakikisha zote zimelala chini kwenye sakafu ya glasi. Toa nje juani. Sisi tulitumia jua la saa nne asubuhi, kali lakini bado halijawa la kuchoma. La saa saba maji yanapata moto kupita kiasi, na taa ya chumbani kwa upande mwingine ni dhaifu, utakaa mpaka uzeeke.

Kisha angalia saa na andika kila dakika ni ngapi zimepanda. Dakika za kwanza hakuna kitu, mtoto ataanza kuboreka, mwambie akae macho asogee karibu kabisa na glasi. Utaona kwanza kwenye ukingo wa sarafu kunang'aa, vishanga vidogo vya fedha. Halafu sarafu inainuka upande mmoja, inasimama kama inataka kucheza ngoma, inayumba, inalala tena. Inasimama tena. Afu inaachia chini na kupanda moja kwa moja mpaka juu, taratibu, kama lifti.

Yetu: dakika ya 5 zilikuwa mbili, dakika ya 8 tano, dakika ya 12 nane, ya 14 zote kumi. Kwenye glasi isiyo na soda, moja tu ndo ilipanda, nadhani ilikuwa na hewa iliyobaki. Mpwa akasema mjomba hizi za huku zina njaa. Sikuongeza neno.

Kilichotokea ni hiki. Jani limepata mwanga, maji na kaboni. Ndani ya seli zake kuna vijumba vidogo vinaitwa kloroplasti, humo ndo kuna klorofili, ile rangi ya kijani. Klorofili inanasa mwanga, na nguvu ya mwanga inatumika kupasua maji, naam, kuyapasua, haidrojeni inabaki ndani ya kazi, oksijeni inatupwa nje kama takataka. Oksijeni tunayoipumua imetoka kwenye maji, haikutoka kwenye kabonidayoksaidi kama wengi tunavyodhani, hili lilithibitishwa 1941 kwa kutumia maji yenye oksijeni nzito ili waweze kuifuatilia inakoenda. Ile takataka ndo imejaa kwenye nafasi za sponji na kuinua sarafu yako. Kisha ile haidrojeni na nguvu iliyonaswa vinatumika kuunganisha kaboni kuwa sukari. Kwa hesabu za shuleni, kabonidayoksaidi 6 na maji 6 vinatoa glukosi 1 na oksijeni 6.

Kwa hiyo unachohesabu pale ni kasi ya jiko. Sogeza glasi kivulini, kasi inashuka. Ukitaka kumaliza mabishano, fanya glasi tatu, moja juani, moja chini ya mti, moja ndani.

Zilipoelea zote tulizifunika glasi na sufuria, giza kabisa, tukaenda kupika. Ziache hapo, tutazirudia.

SASA CHAKULA CHENYEWE KIKO WAPI?

Oksijeni tumeiona lakini oksijeni ni takataka, mtoto mjanja atakuuliza hicho chakula. Hapa utahitaji iodini ya duka la dawa, ile ya kahawia ya vidonda. Dondosha tone kwenye kipande cha kiazi, kwenye ugali uliobaki, kwenye muhogo mbichi, inageuka bluu nzito karibu nyeusi. Hiyo ndo alama ya wanga. Dondosha kwenye nyanya au kwenye chumvi, inabaki kahawia.

Sasa tunatafuta wanga kwenye jani. Chagua mmea wa maharage au hibiskasi hapo uani, jani moja lizibe katikati kwa mkanda wa foili ya jikoni pande zote mbili, liache siku mbili. Jioni ya siku ya pili, baada ya siku nzima ya jua, lichume.

Ile rangi ya kijani inabidi itolewe kwanza la sivyo huoni kitu, na inatolewa kwa spiriti. Na hapa mtu mzima ndo ashike, mtoto aangalie kwa mbali, maana spiriti inachemka kwenye nyuzi 78 na mvuke wake unashika moto upesi. Nikiwa sekondari mwanafunzi mwenzetu aliipasha spiriti moja kwa moja juu ya jiko, ikalipuka ikamchoma nyusi, namshukuru Mungu ziliota tena. Kwa hiyo: chemsha jani kwenye maji dakika moja. ZIMA JIKO, na kama kuna mkaa unawaka jirani, hama. Tia maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai ndani ya bakuli, weka humo glasi ya bati au ya chuma yenye spiriti kidogo na jani ndani yake. Dakika kumi, spiriti inageuka kijani na jani linakuwa jeupe la njano, limekakamaa kama karatasi. Lichovye kwenye maji ya uvuguvugu lilainike, litandaze kwenye sahani nyeupe, dondosha iodini.

Sehemu iliyoona jua inakuwa nyeusi. Mkanda uliofunikwa unabaki kahawia. Mstari wake ni safi mpaka utafikiri umechorwa kwa rula. Mjerumani mmoja, Julius Sachs, alifanya jambo kama hili miaka ya 1860, leo unalifanya jikoni kwako na iodini ya vidonda.

Wakati wa mchana jani linajaza wanga, usiku linauvunja kuwa sukari na kuusafirisha kwa mishipa kwenda kwenye mizizi, matunda, mbegu. Muhogo ni ghala tu, mpishi ni lile jani juu. Ndo maana wakulima wanakwambia usichume kisamvu kupita kiasi kwenye shamba unalotegemea muhogo, unakuwa umemfukuza mpishi halafu unashangaa ghala halijai.

KUIFUATA NGUVU MPAKA KWENYE SAHANI

Hii sehemu haihitaji vifaa, unaifanya mkiwa mnakula. Mwambie mtoto aguse kila kitu kwenye sahani akirudishe nyuma mpaka afike juani. Ugali, mahindi, jua. Rahisi. Unga wa mahindi gramu 100 una kilokalori kama 360, zote zilikuwa mwanga. Maharage, jua. Nyama, ng'ombe, majani, jua. Mafuta ya alizeti, hayo hata jina linasema. Chumvi? Atakwama, na ni sawa akwame, chumvi haina nguvu yoyote ya kumlisha mtu. Maji pia. Mkaa uliopikia? Ni mti, jua la miaka kadhaa nyuma unaliachia kwa saa moja.

Kufika kwenye ugali sio mwisho. Seli za mwili wako zinaichoma ile sukari polepole kwa oksijeni, inarudi kuwa kabonidayoksaidi na maji, na nguvu inatumika kutembea, kufikiri, kupasha damu joto. Kabonidayoksaidi unayoipumua sasa hivi jani litaichukua. Na mmea wenyewe unafanya hivyo pia, unapumua mchana na usiku, sema mchana unatengeneza kuliko unavyotumia. Wale wanaosema usilale na ua chumbani litakumalizia hewa, ua moja linatumia oksijeni kidogo sana ukilinganisha na mtu mnayelala naye humo, na huyo hujamfukuza.

Tulikuwa tunakula dagaa siku ile kwa hiyo tukaenda Kigoma kwa mawazo. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470 lakini mwanga unaishia kwenye tabaka la juu, na humo ndo kuna vimea vidogo vya kijani visivyoonekana kwa jicho vinavyofanya kazi ile ile ya spinachi. Vinaliwa na vijidudu vya majini, vijidudu vinaliwa na dagaa, dagaa analiwa na mgebuka, samaki mkubwa zaidi wa humo, na mgebuka analiwa na wewe. Sasa kwa makadirio ya wanasayansi kila hatua inapita kama moja ya kumi tu ya nguvu, iliyobaki imeshatumika kuogelea, imepotea kama joto au imetoka kama mavi. Kwa hiyo kilo 1 ya mgebuka nyuma yake kuna kama kilo 10 za dagaa, 100 za vijidudu, 1,000 za vile vya kijani. Ni hesabu ya kukadiria, sio ya dukani, lakini inakuonyesha kwa nini dagaa ni wengi na bei nafuu na samaki wakubwa ni wachache. Na upepo wa kusini unapovuma kati ya Mei na Septemba unasukuma maji ya juu, yale ya chini yenye virutubisho yanapanda, vile vya kijani vinashiba na vinazaliana.

Ziwa Natron nako ni burudani. Flamingo wadogo, wengine wanawaita heroe, wanageuza vichwa juu chini wanachuja kwenye maji ya magadi vijiumbe vinavyoitwa spirulina. Hivi sio mimea kabisa, ni bakteria, ila vina klorofili na vinajipikia. Ndani yake kuna rangi za jamii ile ile inayofanya karoti iwe karoti, na ndo zinawafanya wale ndege wawe wa waridi, kifaranga huwa kijivu. Yani ndege kajipaka jikoni kwa mpishi wake.

Viumbe vinavyojipikia hivi vitabu vinaviita wazalishaji, wengine wanasema ototrofu. Na kuna vinavyotudanganya. Uyoga unaota ardhini, unauzwa fungu moja na mboga, lakini hauna klorofili na haujipikii chochote, unakula kilichooza, kwa hiyo uko upande wetu sisi walaji. Kiduha, lile gugu la shambani, wakulima wa mahindi na mtama mnamjua, ana majani ya kijani na ua zuri la zambarau lakini mizizi yake imeshikilia mizizi ya mahindi anaiba maji na chakula, kijani chake hakimtoshi. Jambazi mwenye duka lake.

Halafu kuna wale wasiojua jua kabisa. Mwaka 1977 watafiti walishuka karibu na visiwa vya Galapagos kwenye kina cha kama mita 2,500, giza totoro, wakakuta chemchemi za moto zimezungukwa na minyoo mirefu, kome, kaa. Huko bakteria wanapika kwa nguvu ya kemikali, ile haidrojeni salfaidi inayonuka yai viza, na baadhi ya minyoo haina mdomo wala tumbo, bakteria wanaishi ndani ya mwili wake wanaipikia humo humo. Nilipomwambia mpwa akasema kumbe jua sio lazima. Ni kweli, ila oksijeni ambayo bakteria hao wanatumia kuunguza ile salfaidi imeshuka kutoka juu, kwenye maji ambako vile vya kijani viliitengeneza kwa mwanga. Kwa hiyo wamekopa hata hao.

Jambo moja la haraka kwa walioko Tanga na sehemu kavu: mkonge, nanasi na dungusi kakati hufungua vitundu vyao usiku, vinaingiza kabonidayoksaidi na kuihifadhi, mchana vinafunga ili visikauke na kupika kwa akiba. Usijaribu kukata sarafu za mkonge, utavunja mrija.

TURUDI KWENYE SUFURIA

Baada ya kula tulifunua. Ilikuwa imepita kama saa moja. Koroga kidogo kwa kijiko kabla ya kuhesabu, maana vipovu vya nje vinaweza kuzishikilia juu. Kati ya kumi, saba zilikuwa chini na tatu bado zinaelea. Mpwa akauliza nani kazizamisha, nikamwambia hakuna, ni zenyewe, zimepumua ile oksijeni zilizotengeneza asubuhi, gizani hazina uwezo wa kutengeneza nyingine.

Akachukua glasi bila kuniomba ruhusa akaipeleka tena nje, akachuchumaa pale kwenye ngazi na saa yangu ya mkononi, akafungua ukurasa mpya wa daftari akaandika saa tano na nusu, sifuri.